Infraredi ya Mwalimu Ghati

Ghati alimdharau yule mtu kabla hajafungua mdomo, na alipoufungua akamdharau maradufu.

Yule mtu alikuwa amesimama kwenye baraza ya duka la Badru, siku ya gulio, Kasulu mjini, koti jeupe la maabara limefungwa vifungo mpaka kooni katika jua la mchana. Mbele yake meza, juu ya meza sanduku la bati lililopakwa rangi ya fedha, na ndani ya sanduku taa nyekundu inawaka na kuzima. Watu walikuwa wamepanga madumu yao ya maji mstari mrefu mpaka kwa wauza ndizi. Mtu anaweka dumu lake mbele ya taa, bwana mkubwa anafumba macho, anatikisa kichwa, anasema, "Yameshika." Basi, mtu anaondoka na maji yaleyale aliyokuja nayo, ila sasa anatembea kwa adabu asije akayamwaga.

"Ndugu zangu," alisema yule bwana, "hii inaitwa infraredi. Infra ni ndani, redi ni nyekundu. Nyekundu ya ndani! Inapenya kwenye maji mpaka kwenye molekyuli zenyewe. Molekyuli zikipigwa na infraredi zinashikana mikono. Maji yakishikana mikono yanapata nguvu. Yakiingia mwilini yanasukuma sukari nje, yanasukuma presha nje, yanasukuma na yale mambo mengine ambayo mbele ya akina mama siwezi kuyataja."

Akina mama wakacheka. Ghati akasonya kwa nguvu, makusudi, ili asikike.

Alimjua. Si Reverien huyu! Mwaka juzi, Ghati alipokuwa bado anafundisha Kibondo, Reverien alikuwa na kibanda karibu na stendi, anachaji simu za watu, na hata kazi hiyo ilimshinda, maana ukimwachia simu yenye betri nzima unarudishiwa yenye betri iliyovimba. Leo ni daktari wa molekyuli! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Na kati ya maneno yote duniani, lazima achezee hilo la infraredi. Ghati, binti wa Tarime, alikuwa ametumia miaka mizuri ya ujana wake chuo kikuu, Dar es Salaam, mbele ya mashine ya infraredi, akilichungulia tone la maji lililobanwa kati ya fuwele mbili bapa. Alichokuwa akikitafuta ni kimoja tu: molekyuli za maji zinashikanaje, na zinaachanaje. Akakipata kiasi chake, akapewa shahada ya pili, kisha akapangiwa kufundisha kemia sekondari, kwanza Kibondo, halafu Kasulu, kwenye maabara ambayo bomba lake halijawahi kutoa hata tone la kuchungulia. Tangu hapo alimdharau kila mtu. Aliwadharau waliompanga. Alimdharau mkuu wa shule aliyeitumia maabara kuhifadhi mahindi. Aliwadharau walimu wenzake waliobishana juu ya mpira kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Aliyesalimika ni mmoja tu, Mama Kasian, mwenye nyumba alikopanga chumba.

Na Mama Kasian ndiye aliyekuwa kwenye ule mstari, karibu kabisa na mbele, kitenge chake cha Jumapili kiunoni, dumu la njano miguuni.

"Mama! Unafanya nini hapa?" Ghati alimkimbilia.

"Mwakeye, mwanangu," akajibu Mama Kasian, maana kwa Muha hata nyumba ikiungua salamu kwanza. "Nimepanga foleni. Kwani huoni?"

"Kwa huyu tapeli?"

"Punguza sauti. Daktari anasikia."

Ghati akataka amvute, lakini unamvutaje mama wa watu mbele ya gulio zima? Akabaki pembeni amekunja mikono, akamtazama akisogeza dumu lake mbele ya taa nyekundu, akipiga ishara ya msalaba, akiambiwa, "Yameshika, mama." Akajitwika mwenyewe lile dumu kwa hasira, wakaenda nyumbani bila kusemezana.

Nyumbani ndipo alipoupata ukweli wenyewe. Siku zote alijua kwamba Mama Kasian ana kisukari, tena kile cha kuishi kwa sindano. Asubuhi anajichoma, jioni anajichoma, na kila mwezi anakwenda kliniki Kabanga kuchukua insulini, ambayo aliihifadhi ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi, kwa kuwa friji hakuwa nayo. Ghati alifunua kile chungu. Vichupa vilikuwa vimejaa, hata kimoja hakijaguswa.

"Mama Kasian, sindano?"

"Nimeacha."

"Umeacha tangu lini?"

"Tangu gulio lililopita. Daktari amesema hivi viwili havikai pamoja. Ukichoma sindano, maji yanaona wivu, yanaachana mikono."

"Maji yanaona wivu!" Ghati alipiga viganja vyake kofi. "Mama, huyu alikuwa anachaji simu Kibondo! Mimi mwenyewe ameniibia betri!"

"Na Petro alikuwa nani? Si mvuvi?"

"Utakufa, mama. Unanisikia? Hakuna cha maji kushikana mikono yakasukuma sukari. Ujinga mtupu! Ni nani mwenye akili timamu anaweza kuamini upuuzi wa namna hiyo?"

Mama Kasian alikaa kwenye kigoda, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ulinifundisha?"

Kweli alikuwa amemfundisha. Msimu wa mvua, jioni moja, wakiwa jikoni wanamenya mihogo, Mama Kasian alimwuliza alichokisomea huko Dar miaka yote hiyo, na Ghati, kwa kuchoka na kwa kejeli, alimjibu: "Nilisomea Waha." Akamweleza kwamba molekyuli ya maji ni Muha mtupu, haiwezi kumpita mwenzake bila kumshika mkono. Kwamba aliye peke yake, kama kwenye mvuke, hupunga mikono yake harakaharaka, bali aliyeshikwa na jirani hupunga polepole, na aliyegandishwa kwenye barafu polepole zaidi. Kwamba mashine inamulika infraredi, na kila mkono unanyonya ule mwanga unaolingana na upungaji wake, ndipo msomi anajua nani ameshikwa na nani yuko huru. "Nyinyi mnasalimiana mpaka basi linawaacha," alimalizia siku ile, akacheka sana, na Mama Kasian akacheka naye.

"Nilikufundisha, ndiyo," alisema sasa, akijilazimisha kutulia. "Lakini sikumalizia. Hayo maji, mama, yanashikana na kuachana, yanashikana na kuachana, kufumba na kufumbua ni muda mrefu mno kwao. Hata ukiyafunga mikono kwa kamba, kabla hujaliinua dumu yameshabadilisha majirani wote. Hayabebi salamu ya mtu kutoka sokoni mpaka hapa."

"Kumbe. Mbona siku ile hukusema?"

"Sikuona haja."

"Ego, ndiyo," alisema Mama Kasian, akaanza kuchambua maharage yake. "Wewe ulinifundisha ukinicheka. Yeye amenifundisha akinitazama usoni. Sasa wewe ungekuwa mimi ungemsikiliza nani?"

Ghati akaenda chumbani kwake, akabamiza mlango. Sikio la kufa halisikii dawa, alijiambia, na mara akaogopa ile methali yenyewe. Wiki nzima alibembeleza, akagomba, akasusa kula, akampigia simu Kasian, mwana wa mama huyo, fundi gereji huko Mwanza, naye Kasian akasema mama yake akishaamua jambo hata paroko hamuwezi. Mama Kasian akazidi kunywa maji. Alikunywa asubuhi, akanywa mchana, akaamka kunywa, na kila aliposikia kiu alifurahi, akasema ni maji yanaitana. Gauni lake likaanza kumpwaya mabegani.

Gulio lililofuata Ghati aliaga shule kwamba anaumwa, akaenda sokoni moja kwa moja. Reverien alikuwa ameongeza mbwembwe: safari hii ana miwani myeusi, eti mionzi isimwumize. Ghati akapanda baraza, akaingia dukani kwa Badru. Badru alikuwa nyuma ya kaunta, mtu wa asili ya Ujiji mwenye maneno matamu, aliyemruhusu Reverien kusimama barazani kwa sababu kila aliyekuja kumulikiwa alinunua dumu jipya kwake.

"Karibu, mwalimu. Nawe umekuja kushikisha maji?"

"Nimekuja kuazima rimoti ya king'amuzi chako. Na simu yako yenye kamera."

"Rimoti? Mpira bado, mwalimu, ni saa kumi."

"Badru, nipe rimoti, au nikapige kelele hapo nje kwamba madumu yako yanavuja."

Badru akampa, tena akatoka naye, maana huo ni uhondo na yeye Mswahili wa kweli haukosi. Ghati akasimama mbele ya meza ya Reverien.

"Bwana Reverien wa stendi ya Kibondo! Za masiku? Waambie watu, hiyo ni infraredi?"

"Ndiyo, dada yangu, infraredi halisi," alisema Reverien, lakini sauti ilikwisha kupungua unene.

"Inaonekana?"

"Si hiyo hapo inawaka? Au macho yako yana tatizo? Yaweke nayo kwenye foleni."

Watu wakacheka. Ghati akainua rimoti juu, akaibonyeza, akawageukia. "Nimebonyeza. Nani ameona mwanga? Hakuna. Badru, elekeza kamera ya simu yako hapa mbele ya rimoti. Nabonyeza tena. Mnaona nini kwenye simu?"

Kwenye kioo cha simu kitone cheupe chenye uzambarau kilikuwa kinapepesa. "Yooo!" walisema waliokuwa karibu, na walio nyuma wakaanza kusukumana. Kijana mmoja akasema, "Oyaa, noma!" akaitoa simu yake, akajaribu, naye akaona.

"Hiyo ndiyo infraredi!" Ghati alipaza sauti yake ya darasani. "Infra si ndani, ni chini. Chini ya nyekundu, kule jicho la binadamu linakokoma. Ile niliyosomea mimi iko mbali zaidi ya hii ya rimoti, ila ni ndugu. Ukimulikiwa na kitu ukaona chekundu, basi hicho ni chekundu tu. Hii ya huyu mpuuzi ni taa ya nyuma ya pikipiki!"

Akalifunua sanduku. Ilikuwa taa ya nyuma ya pikipiki kweli, imefungwa kwa waya kwenye betri, na dereva mmoja wa bodaboda akasukuma watu, akainama kuikagua, akapiga ukelele: "Aisee! Taa yangu! Nimeitafuta Kibondo nzima!"

Lo! Soko likalipuka. Reverien alivua miwani, akavua koti, akasema hayo ni mambo ya kitaalamu yanayohitaji utulivu, lakini dereva alikuwa ameshamshika ukosi. Vijana wakaimba, "Kaumbuka! Kaumbuka!" mpaka akatumbukia kwenye basi la Kibondo, huku vifungo viwili vya shati vimebaki Kasulu. Ghati akabaki barazani anahema kwa furaha. Akataka na kuwaeleza ile sehemu kubwa, kwamba maji hayana kumbukumbu, kwamba yanashikana na kuachana papo hapo, hayawezi kutibu mtu. Alieleza kwa kirefu. Hakuna aliyesikia, kwa sababu watu walikuwa wanapokezana kuchungulia simu.

"Badru, naomba nikaionyeshe nyumbani," alisema, akaitia rimoti kwenye mkoba.

"Mpaka saa kumi, mwalimu. Ikipita hapo, wateja wangu wa mpira watanila nyama."

Njiani Ghati alitembea kifua mbele. Aliwadharau wote, Reverien kwa uongo wake, watu kwa kuuamini, na hata Badru kwa madumu yake, na dharau ile ilikuwa tamu kwa kuwa safari hii alikuwa ameshinda. Hakugeuka nyuma mpaka alipofika langoni. Alipogeuka, aliona akina mama wasiopungua kumi wakimfuata, kila mmoja na dumu kichwani.

"Vipi, jamani?"

"Tumulikie, mwalimu," alisema aliyetangulia, mwanamke mmoja kutoka Muyama, akapiga goti kidogo.

"Nimewaambia ni uongo! Hamkusikia?"

"Tumesikia. Yule wa Kibondo alikuwa mwongo, ya kwake inaonekana. Ya kwako haionekani. Hata Mungu haonekani, mwalimu. Ya kwako ndiyo yenyewe."

"Ondokeni!" Ghati alipasuka. "Wapumbavu wakubwa nyinyi! Akili mmeziacha wapi? Ondokeni na madumu yenu!" Hawakuondoka. Walitua madumu chini taratibu, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta, kama watu waliozoea wataalamu wakali.

Aliwaacha, akaingia ndani, na ushindi wake wote ukaishia mlangoni. Mama Kasian alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka mpaka imepasuka, anavuta pumzi ndefu nzito, mfululizo, utadhani ametoka kupanda mlima. Ghati alipoinama kumwinua alisikia harufu ya mdomo wake, tamu, ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Hiyo harufu aliijua kwa kemia, na aliijua maana yake. Mtu wa namna hii akiachwa alale bila insulini, huenda asiamke tena.

"Mama, twende Kabanga. Sasa hivi. Naita gari."

"Siendi kuchomwa," alisema Mama Kasian kwa sauti ndogo. "Nikichomwa yanaachana."

"Mama, Reverien amekimbia! Ilikuwa taa ya pikipiki! Nimemwumbua mbele ya soko zima!"

"Nimesikia. Jirani amenihadithia." Akalamba midomo. "Amesema wewe unayo ya kweli. Ile isiyoonekana. Kumbe ulikuwa nayo siku zote, ukaninyima."

"Mama, hii ni rimoti. Rimoti ya Badru, ya kubadilisha chaneli! Haitibu. Naapa kwa Mungu, haitibu kitu."

"Bado unanicheka."

"Sikucheki! Nakuomba! Nakupigia magoti!" Na kweli alikuwa amepiga magoti, machozi yanamtoka, yeye Ghati asiyelia hata msibani.

Mama Kasian akafumba macho. "Nimulikie, nitakwenda. Usiponimulikia, niache nilale."

Ghati alitazama lile dumu la njano pembeni ya mkeka. Alifikiria kumbeba kwa nguvu. Angembeba, ndiyo, na leo wangemchoma amelegea hivyo, lakini kesho angezinduka, na kesho kutwa angerudi kwenye chungu chake na kuviacha vichupa vimejaa vilevile. Alifikiria ukweli wote aliokuwa nao kichwani, mistari yote ya mashine, miaka yote ile, na haukutosha kumfanya mwanamke mmoja anyooshe mkono. Ukweli huo yeye mwenyewe alikuwa ameutoa kwa kejeli, na sasa haukuwa na mnunuzi. Alijichukia, akamchukia Reverien, akamchukia na Mama Kasian kidogo.

Akatoa rimoti. Akaielekeza kwenye dumu. Akabonyeza.

"Sikiliza," alisema, na sauti iliyomtoka ilikuwa nene, ya taratibu, ya barazani. Safari hii alimtazama usoni. "Hii ni infraredi ya chini ya nyekundu. Imeingia. Maji yameinuka, yananyoosha mikono, yanatafuta wa kumshika. Lakini hayapati, mama. Kwa sababu anayeshikwa na maji haya ni insulini. Bila insulini yanazunguka mwilini mikono mitupu. Yule wa Kibondo alikuficha hili kwa kuwa hakulijua. Sindano ya asubuhi na ya jioni, kila siku, maisha yako yote. Siku ukiruka, yanaachana."

Mama Kasian alifumbua macho. "Yameshika?"

"Yameshika."

"Ego. Sasa umenifundisha vizuri. Niinue."

Gari la jirani liliwapeleka Kabanga, Ghati amemkumbatia mgonjwa kiti cha nyuma, dumu miguuni, kwa kuwa Mama Kasian alikataa kuliacha. Wakapokelewa na tabibu mmoja aitwaye Elisante, mtu wa Kilimanjaro, shati limenyooshwa vizuri, macho yamechoka. Alinusa pumzi ya mgonjwa, akapima sukari, akaamuru dripu na insulini upesi. Kisha akauliza, "Nani alikwambia uache sindano, mama?"

"Aliyeniambia niache alikuwa mwongo, ameshafukuzwa," alisema Mama Kasian. "Ninaye mwingine, huyu hapa. Yeye ananimulikia infraredi isiyoonekana."

Elisante akageuka. Akamtazama Ghati kuanzia miguuni mpaka kwenye mkoba, ambako rimoti ya king'amuzi ilikuwa imechomoza kichwa, halafu akalitazama dumu. Ghati aliutambua mtazamo ule. Hakuna aliyeujua vizuri kumzidi yeye.

"Wewe ni nani?"

"Mwalimu."

"Wa nini?"

"Wa kemia."

"Wa kemia!" Elisante alisonya. "Wa kemia, na unamulikia wagonjwa maji kwa rimoti ya televisheni. Mwanamke huyu angekufa kesho, unajua? Wajinga wasiosoma nawasamehe. Nyinyi mliosoma mkauza upuuzi ndio ninaowadharau. Hebu nieleze, mwalimu, hayo maji yanafanya nini?"

Maneno yakamjaa Ghati kooni. Tone kati ya fuwele mbili, mikono inayopunga, majirani wanaobadilishana kwa kasi isiyofikirika. Kwa sentensi tatu angemfunga mdomo kijana huyu mbele ya wauguzi wake wote. Muuguzi alikuwa tayari na sindano. Mama Kasian alikuwa bado ameuficha mkono chini ya shuka, na alikuwa anamtazama Ghati, anangoja kusikia atajibu nini.

"Ni maji ya infraredi, daktari," alisema Ghati. "Nayamulika mwenyewe. Ila hayafanyi kazi bila sindano."

"Mungu wangu," alisema Elisante, akamgeuzia mgongo.

Mama Kasian akatoa mkono wake chini ya shuka, akaunyoosha kwa muuguzi.